Leso Iliyookotwa: Hila na Hatia ya Iago

Katikati ya tamthilia ya Othello ya Shakespeare kuna kitendo kinachokwisha upesi kiasi kwamba mtazamaji akigeuka kumnong'oneza jirani yake kinaweza kumpita. Mke anataka kumfunga mumewe kichwa kwa leso, maana mume amesema kichwa kinamuuma. Mume anaisukuma, leso inaanguka, na wote wawili wanatoka bila kuinama. Nyuma yao anabaki mwanamke mwingine, mhudumu wa yule mke, naye ndiye anayeinama. Anaishika leso, imetariziwa stroberi. Mumewe amembembeleza mara nyingi aiibe, wala hajamwambia ataifanyia nini. Anajiambia ataipeleka nakshi yake ikanakiliwe, kisha ampe mumewe. Lakini mume anaingia kabla hajafanya lolote, wanatupiana maneno mawili matatu, na leso inahama mkono. Kuanzia hapo kuna watu wanne ambao wamekwisha kufa, ingawa bado wanatembea na kuzungumza.

Mume huyo ni Iago, mshika bendera wa Jenerali Othello katika jeshi la Venice, na ndiye mada ya mhadhara huu. Kwa miaka zaidi ya 400 wasomi na waigizaji wamemzunguka na swali moja: kwa nini alifanya vile? Swali hilo lina uzito wake na litaguswa. Lakini liko jingine lililopewa nafasi ndogo, nalo ndilo linalomkaa kooni mtu anayetoka ukumbini usiku baada ya onyesho. Hatia ya mambo haya yote ilikwenda wapi? Maana Iago hakuibeba. Aliiacha ianguke, kama ilivyoanguka ile leso, na kuna aliyeinama akaiokota.

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika tamthilia hii akiwa na mtaji ambao wengine hawana. Neno letu leso limetoka kwa Wareno. Mombasa limepanda cheo likawa kanga nzima, vazi la mwanamke. Dar es Salaam na bara limebaki kitambaa cha mfukoni. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani katika karne ya 19 walikuwa wakinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakashona sita pamoja, na hapo ikazaliwa leso ya kujifunga. Kwa hiyo hakuna haja ya kumweleza mtu wa pwani jinsi kitambaa kinavyoweza kubeba heshima ya ndoa, wala ni kishindo gani hutokea leso ya mke ikionekana chumbani kwa mwanamume mwingine.

Wakosoaji wa Ulaya walipata tabu zaidi. Mwaka 1693 Mwingereza Thomas Rymer aliidhihaki tamthilia hii, akiona ni aibu tanzia nzima kuning'inia kwenye kitu duni namna ile. Huko Ufaransa, mwaka 1792, Jean-François Ducis aliiondoa leso kabisa na kuweka utepe wa almasi. Alfred de Vigny alipolirudisha neno lenyewe jukwaani Paris mwaka 1829, baadhi ya watazamaji waliudhika kusikia kitambaa cha kufutia pua kinatajwa katika tanzia. Rymer na wenzake hawakuona kwamba udogo wa kitambaa kile ndio unaomfaa Iago. Utepe wa almasi ukipotea utatafutwa nyumba nzima. Leso ikipotea, mtu husema imeanguka mahali.

Onyesho la kwanza lililobaki kwenye kumbukumbu lilifanyika tarehe 1 Novemba 1604 katika kasri la Whitehall, London, mbele ya Mfalme James. Kisa chenyewe Shakespeare hakukibuni. Alikitoa katika mkusanyo wa hadithi wa Giovanni Battista Giraldi, Mwitaliano wa Ferrara aliyejulikana zaidi kama Cinthio, uliochapishwa mwaka 1565. Kwa Cinthio, mshika bendera hana hata jina. Anampenda Disdemona, mke wa mkubwa wake, ambaye Shakespeare atamwita Desdemona, naye Disdemona hana habari, na mapenzi yake yanachacha yakawa chuki. Leso anaiiba kwa mkono wake mwenyewe: Disdemona amempakata binti mdogo wa mshika bendera, mtoto wa miaka 3, na baba mtu anatumia nafasi hiyo kuichomoa kiunoni mwake. Mke wa mshika bendera anaijua njama yote, lakini kumwogopa mume kumemfunga mdomo.

Shakespeare alibadili mengi, na badiliko kubwa liko hapa. Mtoto akamtoa. Wizi akamkabidhi mke, ambaye sasa anaitwa Emilia, na papo hapo akamnyima habari za njama. Mwitaliano alikuwa na mhalifu mmoja na shahidi mmoja mwoga. Shakespeare amepata mhalifu mmoja na nyumba nzima ya watu wema wanaomfanyia kazi.

Na tumtazame kazini. Usiku wa kwanza, Venice, Iago yuko chini ya dirisha la Brabantio, baba yake Desdemona, akipiga kelele kwamba binti ametoroka na Mmoor, yaani Othello. Mmoor ni jina ambalo Waingereza wa zama zile waliwaita watu wa Afrika Kaskazini, na mara nyingi Waafrika weusi pia. Anayejitaja jina pale chini ni Roderigo, kijana mwenye fedha na akili chache, anayemtamani Desdemona na ambaye Iago anamkamua bila huruma. Iago mwenyewe anabaki gizani. Kabla taa hazijashuka ameshaondoka, na katika onyesho linalofuata yuko ubavuni pa Othello, akimsimulia jinsi ilivyomwia vigumu kujizuia asimchome kisu mtu aliyekuwa akimtukana bwana wake. Matusi makubwa ya usiku ule yalikuwa yake. Kila mtaa una fatani wa aina hii, awashaye moto kisha akawa wa kwanza kufika na ndoo.

Jeshi linapelekwa Kupro kuwazuia Waturuki, lakini dhoruba inazimaliza merikebu za Waturuki kabla ya vita kuanza, na askari wanabaki kisiwani bila kazi. Iago anamlevya Cassio, luteni kijana asiyeiweza pombe, na kumtuma Roderigo akamchokoze. Panga zinatoka, mtu anajeruhiwa vibaya, kengele inalia, na Othello anaamshwa usiku wa kusherehekea ndoa yake. Anauliza nani ameanza. Iago anasitasita. Anasema ni heri akatwe ulimi kuliko kumdhuru Cassio kwa maneno, kisha anaeleza kila kinachotosha kumvua Cassio cheo. Othello anaondoka akiamini kwamba mshika bendera wake amelainisha habari ili amwokoe rafiki.

Cassio naye hamshuku. Muda mfupi baadaye analia mbele ya Iago kwamba sifa yake imekwisha, na Iago anampa ushauri: amwendee Desdemona ili huyo amwombee kwa mumewe. Ushauri huo ni mzuri. Mtu yeyote mwenye nia njema angeutoa. Desdemona atamtetea Cassio kwa moyo wote, kwa sababu ana huruma, na kila atakapomtetea atazidi kujichimbia kaburi. Hapa ndipo ufundi wa Iago unapotisha kuliko visa vya sumu na majambia ambavyo majukwaa ya London yalivizoea. Anatumia wema wa watu kama mvuvi anavyotumia chambo.

Kisha linakuja onyesho la tatu la sehemu ya tatu. Othello analianza akimpenda mkewe na kulimaliza akiwa ameazimia kumuua, wala muda wake jukwaani haufiki saa moja. Cha kustaajabisha ni uchache wa uongo uliotumika. Cassio anaondoka haraka baada ya kuzungumza na Desdemona. Iago ananung'unika kana kwamba anajisemea, kuwa kile alichokiona hakimpendezi. Othello anauliza amesema nini. Anajibiwa hakuna kitu. Baadaye Iago anauliza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo tu, iwapo Cassio alizijua habari za uchumba wao tangu mwanzo. Othello anajibu, anataka kujua sababu ya swali. Iago anashangaa kwa neno moja tu, likiwa swali. Othello anauliza kama Cassio si mwaminifu. Neno lake linarudishwa likiwa swali. Anamtaka aseme anachofikiri. Anarudishiwa hilo pia.

Mtu aliyekaa safu za mbele, akimtazama mwigizaji hodari hapa, ataona kwamba Iago karibu hana anachofanya. Mikono imetulia. Amemwachia mwenziwe kimya, na mwenziwe anakijaza. Othello mwenyewe anahisi hivyo, kwani analalamika kwamba maneno yake yanarudishwa kana kwamba kuna dubwana la kutisha lililofichwa katika fikra za mtu huyu. Anaomba alione. Kuanzia hapo Iago haleti tena habari. Anaombwa, anabembelezwa, anakataa kidogo, anatoa kidogo. Anamwonya bwana wake ajihadhari na wivu. Anamkumbusha kwamba Desdemona alimdanganya baba yake alipoolewa kwa siri, na hilo ni kweli tupu. Brabantio alilisema hadharani mbele ya baraza la Venice. Anasema pia kwamba yeye anawajua vizuri wanawake wa nchi yake.

Hapo kidonda kimeguswa. Othello ni mgeni, ni mweusi, umri umesonga, na maisha yake yamepita kwenye mahema ya vita tangu akiwa na miaka 7. Mwenyeji anamfafanulia desturi za wenyeji. Atampingaje? Aliyewahi kuishi ugenini, akamtegemea mwenyeji mmoja tu amtafsirie yanayosemwa nyuma ya milango, anaelewa udhaifu huu bila kuelezwa.

Uongo wenyewe unakuja baadaye, mlango ukiwa wazi. Iago anasema alilala karibu na Cassio, akamsikia akimtaja Desdemona usingizini. Ndoto ya mtu haina shahidi. Anasema pia amemwona Cassio akifuta ndevu kwa leso, na uongo huo anautafutia ukweli wake: leso iko mfukoni mwake wakati ule ule, akisubiri nafasi ya kuitupa chumbani kwa Cassio.

Katika Kiingereza cha tamthilia hii, neno la kumsifu mtu kuwa mkweli na mwaminifu, pamoja na maneno ya ukoo wake, limetumika zaidi ya mara 50, na anayebandikwa zaidi ni Iago. Mfasiri wa Kiswahili atapata kazi hapo. Mwaminifu? Mkweli? Mwadilifu? Wakati ule neno hilo lilikuwa pia na sauti ya mkubwa anayemsifu mdogo, kama tajiri wa duka anavyosema ana "kijana mwaminifu" pale kaunta. Kwa hiyo kila anaposifiwa, Iago anakumbushwa pia daraja lake. Cheo cha luteni alichokitaka amepewa Cassio, msomi wa vitabu vya vita, na yeye amepewa sifa ya uaminifu.

Huo ndio msingi wa malalamiko yake ya kwanza, na baada ya hapo sababu zinamiminika. Kuna uvumi kwamba Othello amelala na Emilia. Huenda Cassio naye amelala naye. Tena yeye mwenyewe anamtaka Desdemona, kwa namna fulani. Mshairi Coleridge, mwanzoni mwa karne ya 19, aliona Iago anasaka sababu za kuihalalisha chuki isiyo na sababu. Hukumu hiyo imekuwa mashuhuri mno, lakini inamwachia Iago njia ya kutokea. Sababu anazo, ila anazitumia kama chenji, moja kwa shughuli moja, kisha anaisahau. Ile iliyo karibu zaidi na ukweli anaitaja mwishoni, haraka, wakati anapanga Cassio auawe: maisha ya Cassio yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye aonekane mbaya. Mtu aliyesema hivyo anajijua. Wala hawezi kusingizia kwamba hakujua alitendalo.

Kujua huko hakumletei majuto, na hapa anaachana na wahalifu wengine mashuhuri wa Shakespeare. Macbeth, ambaye Waswahili wamemsoma kwa tafsiri ya S. S. Mushi tangu 1968, anaua mara moja na usingizi unamkimbia. Claudius katika Hamlet anapiga magoti ajaribu kusali. Richard wa Tatu anasumbuliwa na mizimu ya aliowaua, usiku wa kuamkia vita. Hata Cassius katika tamthilia ya Kaizari, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969, ni mlaghai anayemtegea Brutus barua za kughushi, lakini anampenda Brutus, wanagombana kama ndugu, na wanakufa kwa ajili ya vita ile ile. Iago hapotezi usingizi. Anamtazama Othello akija, na kujisemea kwamba dawa zote za usingizi duniani hazitampa tena mtu yule usiku kama wa jana. Adhabu ya muuaji imeshushwa juu ya aliyedanganywa.

Watazamaji nao wamo. Iago ana mistari zaidi ya 1,000, mingi kuliko Othello, na sehemu kubwa ya siri zake anazitoa kwetu akiwa peke yake. Ukumbi mzima unajua, na ukumbi mzima umekaa. Mwandishi Mfaransa Stendhal amesimulia kisa cha Agosti 1822 katika jumba la michezo la Baltimore, Marekani: askari aliyekuwa zamu, alipoona Othello anataka kumuua Desdemona, alipaza sauti kwamba mtu mweusi hatamuua mwanamke mzungu mbele ya macho yake, akafyatua risasi na kumvunja mwigizaji mkono. Hata kama kisa kimetiwa chumvi, kinaonyesha jambo la kweli. Katika saa ile Iago hayupo jukwaani, na hasira ya askari ilimwendea yule yule ambaye Iago alikuwa amemwandalia.

Waigizaji wakubwa wamelielewa hili. Mwaka 1881, katika ukumbi wa Lyceum, London, Edwin Booth wa Marekani na Henry Irving wa Uingereza walipokezana nafasi za Othello na Iago. Booth aliwaachia wenzake ushauri kwamba Iago asiigizwe kwa sura ya mwovu. Uovu ukae kichwani, uso ubaki wa mtu wa kuaminika.

Iqbal Khan alipoiongoza tamthilia hii Stratford-upon-Avon mwaka 2015 na kundi la Royal Shakespeare Company, Iago alikuwa Lucian Msamati, mwana wa wazazi Watanzania, aliyezaliwa Uingereza na kukulia Zimbabwe. Hakuna mweusi aliyewahi kupewa nafasi hiyo na kundi lile kabla yake. Othello alikuwa Hugh Quarshie, mzaliwa wa Accra, ambaye miaka ya nyuma alitoa mhadhara akihoji kama inafaa kabisa kwa mwigizaji mweusi kuichukua nafasi hiyo. Rangi ya Iago ilipobadilika, usaliti ulipata uchungu mwingine. Aliyekuwa akimnong'oneza Othello kwamba yeye ni mgeni asiyejua mambo ya Venice alikuwa mtu anayefanana naye. Miaka 28 kabla yake, mwaka 1987, Janet Suzman alimweka John Kani kuwa Othello katika Market Theatre ya Johannesburg, ubaguzi wa rangi ukiwa bado ni sheria ya nchi, na huko Iago mzungu alihitaji maelezo machache sana. Maonyesho yote mawili yalikuwa na haki yake. Fitina hushika mpini wowote inaoukuta.

Sasa turudi kwa Emilia. Katika onyesho linalofuata lile la leso, Desdemona anamuuliza ameidondosha wapi, na Emilia anajibu hajui. Baadaye kidogo Othello anaidai leso ile kwa ukali wa kutisha, Emilia yupo pale pale, anaona, ananyamaza. Kosa lake ni hilo. Ni dogo, la kibinadamu, la mke ambaye alitaka mumewe amtazame kwa jicho jema walau siku moja.

Usiku wa mwisho anaingia chumbani na kumkuta bibi yake amekabwa pumzi. Othello anajitetea: mumeo anayajua yote. Emilia anauliza, mume wangu? Othello anaeleza tena. Emilia anarudia tena, mume wangu? Na tena. Ni mbinu ile ile ya Iago ya kulirudisha neno likiwa swali, ila safari hii neno linarudi likiwa na damu ndani yake, kwa sababu mwulizaji anaanza kujiuliza mwenyewe. Anakiri kwamba alihisi jambo tangu zamani. Wakati Othello anaitaja leso, Iago anamwamuru mkewe anyamaze, aende nyumbani. Emilia ameshawaomba waliopo wampe ruhusa ya kusema. Anajua ni wajibu wake kumtii mume, lakini si sasa. Anasema aliiokota yeye, na alimpa nani. Iago anamchoma na kukimbia. Anachoomba Emilia ni kulazwa kando ya bibi yake.

Toleo la tamthilia hii lililochapishwa mwaka 1623 lina mistari kama 160 ambayo lile la 1622 halina, na katika hiyo kuna maneno marefu ya Emilia juu ya makosa ya waume. Ni vigumu kuisoma tamthilia bila mistari hiyo na kuona kwamba imekamilika. Mtu aliyekuwa na sehemu ndogo kabisa ya kosa ndiye aliyelichukua lote, akalisema kwa sauti, akalilipia. Othello naye anajihukumu na kujiua. Anayebaki hai ni Iago.

Kabla Othello hajajiua, Iago amerudishwa akiwa mikononi mwa walinzi. Othello anatazama miguu yake, maana husemwa shetani ana kwato, na anaona miguu ya mtu. Anataka aulizwe kwa nini amemnasa roho na mwili. Iago anajibu wasimuulize kitu. Wanachokijua wanakijua, na hatasema tena. Arrigo Boito, alipomwandikia Giuseppe Verdi maneno ya opera ya Otello iliyoonyeshwa Milan mwaka 1887, hakuweza kuuacha mwanya huo, akamtungia Iago wimbo mzima wa kukiri imani yake katika mungu katili. Muziki wake unatikisa mwili, lakini Iago anayejieleza ni mwepesi kubeba kuliko yule wa 1604. Kuongea kulikuwa silaha yake kuu, na alipoombwa maneno ya kweli mara moja tu, akayazuia. Mmoja wa waliopo anasema mateso yatamfungua mdomo. Hatuonyeshwi.

Kitandani wamo Desdemona, Emilia na Othello. Lodovico, mjumbe wa Venice, anamwamuru Iago akitazame kitanda kile, kisha anaagiza kifunikwe kwa sababu macho hayawezi kukivumilia. Maandishi hayasemi kama Iago alitazama. Kila mwigizaji huamua mwenyewe, akiwa amesimama pale na jeraha alilotiwa na Othello likivuja damu.